Saa ya mkononi imetuletea swali zuri

Jamani, leo nimefurahi sana. Hapa Mwanza nawafundisha vijana wanaosomea uandishi wa habari za michezo, na swali lao baada ya mechi lilikuwa lile lile: "Unajisikiaje?" Mchezaji naye: "Namshukuru Mungu, tumefuata maelekezo ya mwalimu." Habari imeishia hapo.

Safari hii tulimwomba kiungo wa timu moja ya mtaani avae saa janja mazoezini pale Nyamagana. Chini ya saa kuna taa ya kijani inayomulika ngozi na kusoma mapigo ya moyo. GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaojua mtu yuko wapi, inapima umbali na kasi. Kwenye soka la ushindani vifaa vya kupima wachezaji vimeruhusiwa hata ndani ya mechi tangu 2015, vingi huvaliwa kwenye kifulana, kidude kikikaa katikati ya mabega.

Binti mmoja darasani akakaa na mchoro wa namba za saa kwenye simu, anauangalia taratibu. Kasi inashuka, mapigo bado yako juu. Akamfuata: "Kaka, mwishoni ulikuwa unakimbia kidogo ila moyo unadunda sana. Kulikoni?"

Kaka akanyamaza kidogo. Kisha akaeleza kwamba usiku huwa ziwani anavua dagaa, asubuhi anauza, jioni anakuja uwanjani hajalala. Daftari likajaa!

Namba za mwili wa mtu ni zake, kwa hiyo tulimwomba ruhusa kabla ya kuandika chochote. Wiki ijayo ni zamu ya netiboli. Mwenye saa ya kutuazima anicheki.