Mlango wa kizimba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sijalala vizuri. Jumanne jioni Mama alinipigia simu: "Mwanangu, mdogo wako alilazwa wiki tatu. Juzi ndiyo karudi nyumbani. Kumbe hukuambiwa?" Sikuambiwa. Ni mwaka wa nne huu hatusemezani.

Usiku ule nilikumbuka kibanda umiza tulikokuwa tukitazama mieleka kwenye kanda za video. Pambano letu lilikuwa lile la Bret Hart na Owen Hart, ndugu wa tumbo moja kutoka Calgary, Kanada, ndani ya kizimba cha chuma mjini Chicago, Agosti 29, 1994. Mimi kaka mtu nilikuwa upande wa Bret. Mdogo wangu, kitinda mimba kama Owen aliyekuwa wa 12 kwao, alikuwa upande wa Owen. Benchi moja, tumebanana mabega.

Mshindi alikuwa yule atakayetoka, kwa mlango au kwa kupanda juu. Zaidi ya nusu saa, kila mmoja akiukaribia mlango, mwenziwe anamdaka mguu na kumrudisha. Mwishowe wote wawili wakavuka juu, wakawa wanashuka kwa nje. Mguu wa Owen ukanasa kwenye vyuma, akaning'inia kichwa chini. Bret akagusa sakafu, akashinda. Mdogo wangu alilia, nami nikamcheka njia nzima hadi nyumbani.

Mieleka ile ni maigizo, mshindi hupangwa kabla, nalijua hilo. Lakini Mei 23, 1999, Owen alikuwa akishushwa kwa kamba kutoka juu ya ukumbi wa Kansas City, kifungo kikaachia kabla ya wakati, akaanguka akafa. Alikuwa na miaka 34. Lile halikupangwa na mtu.

Mithali 18:19 inasema ndugu aliyekosewa ni mgumu kuliko mji wenye nguvu, na inataja mapingo ya ngome. Vyuma hivyo nimevifunga mimi. Kikao cha ukoo kuhusu kiwanja cha marehemu baba kilinipa haki. Nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni, nikatoka bila kugeuka. Mdogo wangu alibaki amekaa kwenye mkeka, kiatu kimoja mkononi. Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya kanisa kutoa sadaka ya shukrani! Na Mathayo 5 naijua kwa moyo: "upatane kwanza na ndugu yako".

Wapendwa, tusidanganyane. Tunasema, "Nimemsamehe, ila kila mtu na hamsini zake." Huko ni kutoroka. Tunafunga na kukesha tukiombea mataifa, na namba ya ndugu tuliyezaliwa naye tumeizuia kwenye simu. Nani kakwambia kwamba ukitoka wewe, umemaliza? Ndugu yako amenasa mguu, unasikia anaita, nawe unainua mikono kushangilia mbele ya watu!

Kuna jambo tuliloliona kwenye kanda ile nami sikulitilia maanani. Baada ya ushindi, Jim Neidhart, shemeji yao, alishirikiana na Owen kumrudisha Bret kizimbani, wakafunga mlango, wakampiga. Ndipo Davey Boy Smith, mume wa dada yao, pamoja na kaka zake Bret, wakaanza kuvikwea vyuma ili waingie. Waingie, wapendwa! Mahali ambapo kila mtu alipigania kutoka. Bwana wetu alifanya hivyo hivyo. Alikuwa juu, salama, hana deni na mtu, akaingia tulimofungiwa, akapigwa humo pamoja nasi. Mpendwa, kama kuna mtu umemwacha humo, ingia. Usingoje akuombe msamaha kwanza. Usingoje msiba uwakutanishe, maana Owen hakurudi.

Nimeandika ujumbe mara tatu nikaufuta. Sasa nimekata tiketi, basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu ameshafunga mchele na khanga ya shemeji. Ile karatasi ya kiwanja nayo nimeitia kwenye begi. Niombeeni.