Sikio la Kushoto Lilipozima

Ilikuwa Agosti 2021, siku ya tisa tangu niambiwe nina korona. Homa ilikuwa imeshuka, kikohozi kimebaki kidogo, na tayari nilikuwa nikihesabu nguo za wateja zilizolala dukani tangu Idd kubwa. Dada yangu akapiga simu. Naona kwenye kioo dakika zinasonga, sauti hakuna. Nikakata, nikapiga mimi, kimya. Mkono ulipochoka nikahamishia simu upande wa kulia, ndipo nikamsikia akiita "haloo, haloo" kwa hasira. Simu haikuwa na neno. Sikio ndilo lililozima.

Jioni ile nyenje akaingia humo humo kushoto, mlio mmoja mwembamba usiokata. Usiku nilipogeuka kitandani, chumba kikazunguka. Kizunguzungu cha njaa nakijua, hiki hakikuwa hicho. Dari lilikwenda upande mmoja, likarudi kwa ghafla, likaenda tena, nami natapika kwenye beseni huku nimeshika ubao wa kitanda kama niko ndani ya dau lililokumbwa na kusi. Siku mbili msalani nilienda kwa kutambaa.

Kijana wa duka la dawa alimwambia mume wangu ni nta, akampa matone. Mama akasema ni upepo mbaya, akaniletea kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani. Kombe nililinywa, la mama halikataliwi. Matone ndiyo ninayoyajutia mpaka leo, maana nilikaa siku nne nikiyasubiri yafanye kazi ambayo hayakuwa na uwezo nayo.

Daktari wa masikio, pua na koo alichungulia kwanza: nta hakuna, ngoma ya sikio safi. Akagonga chuma chenye ncha mbili, akaniwekea shina lake katikati ya kipaji. Sauti yote ikakimbilia sikio la kulia. "Ingekuwa nta, mama, ungeisikia zaidi upande huo mbovu," akasema. "Hapa tatizo liko ndani." Kisha akanisimamisha, nifumbe macho na kupiga hatua hamsini pale pale nilipo. Nikazipiga kwa makini, nikijisifu moyoni. Nilipofumbua macho nilikuwa natazama mlango, na nilikuwa nimeanza nikitazama meza yake. Nilikuwa nimejizungusha kushoto bila kujua.

Akanieleza kwamba huko ndani kuna sehemu iliyojikunja kama konokono, ya kusikia, imeungana na vijifereji vitatu vya kupima mwendo wa kichwa. Maji yao ni mamoja, ndiyo maana kuvimba kukiingia humo kunachukua vyote viwili. Hakuniapia kuwa ni korona iliyofanya hivyo. Virusi vya surua na matumbwitumbwi vinajulikana zamani kwa kuharibu sikio, alisema, na dalili zangu zimeanza katikati ya ugonjwa. Lakini sikio la ndani la mtu aliye hai halikatwi kipande likapimwe.

Kipimo cha kusikia kilionyesha sauti nyembamba nazipata kushoto zikifika desibeli 70, yaani mtu akizungumza kawaida upande huo ni kama hayupo. Akanipima sukari, kisha akaniandikia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe: vidonge 12 vya miligramu 5 kila asubuhi baada ya kula, halafu kupunguza kidogo kidogo. Dawa hiyo inatakiwa ianze mapema, hasa ndani ya wiki mbili za mwanzo. Hapo ndipo zile siku nne ziliponiuma. Uso ukavimba, usingizi ukatoroka, nikawa nafua saa tisa za usiku.

Vidonge vya kizunguzungu alinipa vya siku tatu tu. Nikaomba zaidi, akakataa: ubongo ukilazwa hautajifunza kutegemea upande mzima. Akanipa mazoezi. Nilibandika kifungo cheusi ukutani, nikakikazia macho huku natikisa kichwa kulia na kushoto. Mwanzo sekunde kumi zilitosha kunirudisha kwenye beseni. Kisha kusimama pembeni mwa chumba, miguu pamoja, macho yamefumbwa. Kisha kutembea ukumbini nikigeuza shingo. Yanachosha, na hayana raha yoyote, lakini kwangu yalisaidia kuliko kidonge chochote. Kusujudu niliacha kwa muda, nikasali kwenye kiti.

Mimi nakaa Likoni, duka liko ng'ambo, kisiwani Mombasa. Daraja la kuelea la Liwatoni lilikuwa limefunguliwa Januari ile ili kupunguza msongamano wa feri wakati wa korona, na kabla sijaugua nililipenda. Sasa lilikuwa mtihani. Unakanyaga chuma kilicholala juu ya maji, watu wanakupita kwa kasi ya asubuhi, nawe miguu yako haiaminiki. Siku ya kwanza nilishika ukingo tangu mwanzo hadi mwisho, na nguvu za kushona sikubaki nazo. Wiki ya sita nilivuka mikono imebeba vitambaa.

Kipimo cha pili kilisoma desibeli 45. Hapo nafuu ikasimama. Nyenje bado yupo, na tuktuk ikipiga honi sijui imetoka wapi mpaka nigeuke mwili mzima. Kilichonishangaza ni barakoa: kumbe siku zote nilikuwa nikisoma midomo ya wateja, na wakati ule wa korona ilikuwa imefunikwa. Nimegeuza cherehani ili mlango uwe kulia kwangu, na anayekuja kupimwa namwomba asimame upande huo. Wateja wameshazoea. Binti yangu naye amezoea kwa njia yake: akitaka kumnong'oneza baba yake jambo nisilolisikia, anakuja kukaa kushoto.