Uhandisi wa materiali Ujerumani: usiulize ada tu

Msimu wa maombi ukikaribia, wadogo zangu wa Tanga na Dar hunitumia swali lilelile kuhusu uhandisi wa materiali, yaani fani ya kuchunguza na kuboresha vitu kama chuma, zege na betri: kaka, chuo gani ni rahisi? Wanamaanisha ada.

Nipo Aachen, Ujerumani, mpakani na Ubelgiji na Uholanzi. Vyuo vya umma vya jimbo hili kwa kawaida havitozi ada, ila mchango mdogo wa muhula. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Uingereza, vyuo vingi vikubwa vinataka zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka. Lakini msishangilie mapema. Ili upate viza ya Ujerumani, kwa kawaida unatakiwa uweke euro 11,904 za mwaka mzima kwenye akaunti maalumu, kisha unachota 992 kwa mwezi. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Na tangazo la kozi lisome hadi chini, maana hata chuo cha umma kinaweza kuwa na kozi ya Kiingereza ya kulipia.

Mimi ningeuliza kwanza: mwanafunzi anaruhusiwa kugusa mashine gani, na kuanzia lini? Fani hii huisomi kwa slaidi. Unakata kipande cha chuma, unakipiga msasa hadi king'ae kama kioo, unakipaka asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti, ndipo darubini inakuonyesha chembechembe zake. Ukipata kazi ya usaidizi maabara, unalipwa kwa saa huku ukizoea mashine ambayo kwa pesa zako usingeisogelea. Kijerumani jifunze mapema. Mafundi wa karakana wana mengi ya kukufundisha, na si kwa Kiingereza.

Somo lililonikaa zaidi ni la kutu, labda kwa sababu nimekulia pwani. Chumvi ya bahari hupenya zege taratibu, ikaharibu utando mwembamba unaoilinda nondo. Nondo inashika kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, basi zege linapasuliwa kutoka ndani. Kwetu baraza ikimong'onyoka tunasema fundi kaiba saruji. Pengine kaiba kweli, lakini pengine kosa lake ni kuweka nondo karibu mno na uso wa zege.

Kuhusu ajira, mhitimu wa kigeni Ujerumani hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi ya fani yake. Msitegemee chuma peke yake: Novemba 2024 kampuni ya Kijerumani ya Thyssenkrupp ilitangaza kwamba kitengo chake cha chuma kitapunguza au kuhamishia kwingine nafasi 11,000 ifikapo 2030. Anayeanza leo ningemshauri atazame betri. Anodi zake nyingi, yaani upande hasi wa betri, ni za grafiti, aina ya kaboni, na Mahenge kwetu Tanzania tunayo ardhini. Kuichimba ni hatua ya kwanza tu. Kwa betri lazima isafishwe hadi takriban asilimia 99.95, na kazi hiyo inamtaka mhandisi wa materiali.