Siku moja maishani mwangu: sindano ya mizani ianzie sifuri

Saa 10 na nusu alfajiri. Mbeya mwezi wa saba baridi yake inaingia hadi kwenye mifupa, na kutoka kwenye blanketi hadi kupiga magoti sakafuni ni vita. Napiga hivyo hivyo, kitenge mabegani. Sisi Wamoravian siku tunaianza na Neno la Siku. Desturi hii aliianzisha Zinzendorf, kiongozi wa waumini wa kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728: neno moja la kila siku, likipelekwa nyumba kwa nyumba. Kitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Wamisionari wakafika Rungwe mwaka 1891, na bibi yangu wa huko alikuwa akisoma kando ya moto jikoni, kwa sauti, hata kama msikilizaji ni mimi tu.

Nikimaliza Neno narudi kwenye andiko langu, Warumi 12:1: "itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai." Hapo huwa naitazama mikono yangu. Niliokoka mwaka 2009. Nilienda mbele, nikalia, nikasema Bwana chukua yote, na nilimaanisha. Lakini mikono hii iliendelea kuchezea mizani yangu ya mchele sokoni miaka sita mingine.

Saa 12 na nusu. Bajaji hadi soko la Mwanjelwa. Kijana wangu wa kazi ameshafungua turubai. "Ugonile, mama." "Ndaga." Tunaomba kwa kifupi tukiwa tumesimama, kisha tunapanga mchele: Kyela kulia, Mbarali kushoto, chenga mbele. Siku hizi kila mmoja una karatasi yake ya bei. Zamani nilikuwa namwaga Mbarali chini na Kyela kidogo juu, halafu wote unaitwa Kyela. Mteja anachota wa juu, ananusa, anaridhika. Harufu ya Kyela ndiyo iliyokuwa inanisaidia kudanganya.

Kabla sijamuuzia mtu yeyote naangalia mizani. Ni ile ya saa, yenye sahani juu. Sahani ikiwa tupu, sindano inatakiwa isimame kwenye sifuri kabisa. Yangu ilikuwa inasimama gramu 50 mbele. Kuna skrubu ndogo chini ya sahani, ukiigeuza kidogo tu inatosha. Stika ya Wakala wa Vipimo ilikuwapo ubavuni, maana siku ya ukaguzi niliirudisha sawa, wakiondoka naigeuza tena. Gramu 50 za mchele zinaenea kwenye kiganja kimoja. Ukiuza kilo mojamoja mara 100, umebakiwa na kilo 5 ambazo si zako. Na kiganja kile kimetoka kwenye sufuria ya mtu.

Mwaka 2015 mzee mmoja wa kanisa, sasa ni marehemu, alitufundisha habari za Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Hakupaza sauti. Alisema Zakayo hakuishia kutubu, alisimama akapiga hesabu. Nilitoka kanisani nikiwa nimelowa jasho. Usiku ule niliikaza skrubu, nikafungua daftari, nikaanza kuandika majina ya wateja niliowakumbuka. Yalifika 14. Nikitazama nyuma naona kwamba mwaka 2009 nilimkabidhi Bwana machozi yangu, Jumapili zangu na sauti yangu ya kwaya. Biashara sikuwa nimemkabidhi.

Saa 3 hadi saa 5 wateja ni wa kawaida: kilo mbili, kilo tano, anayetaka kupunguziwa, anayetaka kukopa.

Saa 5 na nusu anakuja mnunuzi wa taasisi fulani. Anataka magunia 6 ya kilo 100. Tunakubaliana shilingi 2,600 kwa kilo, kijana anaanza kubeba. Ndipo ananisogelea: "Mama, kwenye risiti niandikie 2,900. Tutaelewana." Nikapiga hesabu haraka, ni shilingi 180,000 hewa. Faida yangu halali kwenye mzigo ule ingekuwa 60,000, na 60,000 ndiyo iliyokuwa imepungua kwenye ada ya mwanangu wa chuo. Nikamwambia, "Baba, nitaandika bei uliyonunulia." Akacheka kidogo, akaenda kutafuta pengine. Kijana akayashusha magunia kwenye toroli moja moja, bila kunitazama.

Moyo wangu haukutulia. Niliketi kwenye ndoo nyuma ya magunia nikamwambia Bwana ilivyo: nimeumia, na ada unaijua. Sala yangu ya mchana ilikuwa hiyo tu.

Nawaambia ndugu zangu kwa upendo, mahubiri ya kwamba ukimpa Mungu yote biashara itapaa hayakunisaidia. Mtaji wangu ni mdogo kuliko wa mwaka 2014. Ila zamani nilikuwa nikiomba, kuna mahali moyoni nilikuwa napakwepa. Sasa sipakwepi.

Saa 8 mchana namwachia kijana meza, napanda bajaji na kiroba cha kilo 20 kwenda kwa mama ntilie mmoja maeneo ya Kabwe. Ni jina la 11 kwenye daftari. Wakati anaanza kazi alikuwa akinichukulia kilo mbilimbili karibu kila siku. Nilikadiria nimemwibia kilo 10. Kwa hesabu ya Zakayo ni 40. Nusu leo, nusu mwezi ujao.

Nilimkuta anageuza maharage. Nikamwambia yote: mizani, skrubu, mchele wa juu na wa chini. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani, yakatoka vipandevipande. Alinisikiliza huku mwiko uko mkononi. Kisha akafungua kiroba, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akauinua, punje zikawa zinamwagika katikati ya vidole. Akanusa.

"Hii Kyela kweli?"

"Kyela, dada."

"Mwaka ule nilikuwa nanyonyesha pacha," akasema, akageukia sufuria yake.

Nilisimama kidogo, nikaaga, nikaondoka. Hakunitamkia msamaha, nami sikuwa na haki ya kumdai. Ndani ya bajaji nililia kuliko nilivyolia siku ile ya kuokoka.

Saa 12 jioni tunafunga. Ibada ya nyumbani leo ilikuwa kwa jirani. Tuliimba, tukamwombea mgonjwa, tukanywa chai.

Saa 3 usiku niko mezani na daftari. Mbele ya jina la 11 naandika: 20, bado 20. Yamebaki matatu. Mmoja amefariki, nitawapelekea watoto wake Iyunga. Mmoja nitamfuata Jumamosi. Wa mwisho alihamia Tunduma na hakuna anayejua alipo. Mwanangu, yuko likizo, akauliza habari ya ada. Nikamwambia ukweli, kwamba leo ningeipata na nimeiacha, na sababu yake. Alinyamaza. Halafu akalivuta daftari, akayasoma majina moja moja, jambo ambalo sikuwahi kumruhusu.

"Huyu wa Tunduma," akasema, "mwanawe nilisoma naye. Namba yake ninayo."