Mvumo kwenye spika za sebuleni: nilivyoumaliza kwa waya wa nyuzi mbili

Mfumo wenyewe ni wa kawaida: spika mbili za studio zenye amplifaya ndani na matundu ya XLR (yale ya pini tatu, kama ya maikrofoni) nyuma, televisheni, king'amuzi chenye dishi juu ya bati, na laptopu ya kuchezea muziki. Ukiviunganisha kwa waya za RCA (zile za plagi ya duara yenye pini moja katikati), spika zinavuma hata kama muziki haujawashwa. Dukani utashauriwa ununue waya ghali wenye ncha za dhahabu. Usinunue. Dhahabu haina kazi hapa.

Waya wa RCA una njia mbili tu: uzi wa katikati unaopeleka sauti, na wavu wa shaba unaouzunguka. Wavu huo unafanya kazi mbili kwa pamoja, kukinga na kurudisha mkondo wa sauti ulikotoka, na shida inaanzia hapo. Dishi limefungwa kwenye chuma, na chuma kimegusa nyumba na udongo. Spika nazo zina plagi ya pini tatu, zimeshika ethi kwa upande wake. Kati ya ethi hizo mbili kuna tofauti ndogo ya volti, na mkondo wake unapita kwenye wavu wa RCA. Chukulia waya mwembamba wa mita 5 ambao wavu wake una ukinzani wa omu 0.2, na mkondo ni miliampea 5. Unapata milivolti 1 ya mvumo, imejumlishwa moja kwa moja na sauti. Kiwango cha kawaida cha vifaa vya nyumbani ni volti 0.316, kwa hiyo mvumo uko desibeli 50 tu chini ya muziki. Nyumba ikitulia usiku, utausikia vizuri.

Waya wa balansi unatenganisha kazi hizo mbili. Ndani kuna nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kwa ajili ya sauti, na wavu unabaki na kazi ya kukinga. Kwenye XLR, pini 1 ni wavu, pini 2 ni chanya, pini 3 ni hasi. Spika inasikiliza tofauti kati ya pini 2 na pini 3, haijali sana kinachotokea kwenye pini 1. Uchafu ulioingia sawasawa kwenye nyuzi zote mbili unafutika. Wengi, hata mafundi wa vyombo, wanaamini lazima pini 3 ibebe sauti iliyogeuzwa. Si lazima. Kinacholeta balansi ni nyuzi zote mbili kuwa na ukinzani sawa kuelekea ethi. Ndiyo maana kifaa chenye RCA, ambacho hakina balansi, bado kinaweza kunufaika na tundu la XLR la spika ukikifungia waya unaostahili.

Kabla ya kulehemu chochote, tafuta mkondo unapita wapi. Nilichomoa waya zote nyuma ya spika, nikaziacha zimewashwa. Zikivuma hapo, tatizo liko ndani ya spika na waya hauhusiki. Zikinyamaza, rudisha kifaa kimoja kimoja. Laptopu ikivumisha, chomoa chaja iendeshwe na betri: mvumo ukikatika, njia ni chaja. King'amuzi kikivumisha, legeza waya wa dishi nyuma yake uutoe. Kwangu mvumo ulikatika papo hapo, na hii ndiyo hali ya nyumba nyingi zenye dishi. Sikiliza na aina ya sauti pia. Mvumo mnene laini wa Hz 50 mara nyingi unatokana na transfoma iliyo karibu au sumaku yake. Mkwaruzo mkali wenye sauti za juu zaidi ndio unaotoka kwenye ethi na chaja.

Jambo moja sitalijadili mara mbili: usikate pini ya ethi kwenye plagi, wala usitumie adapta ya pini mbili kuikwepa. Mvumo utakwisha kweli, lakini siku waya wa umeme ukigusa bodi ndani ya spika, volti 230 zitatafuta ethi kupitia RCA, au kupitia mkono wako.

Waya nilitengeneza mwenyewe. Unahitaji waya wa maikrofoni wenye nyuzi mbili na wavu, plagi mbili za XLR za kiume, plagi mbili za RCA, lehemu na multimeta. Menya ganda la nje milimita 20, sokota wavu uwe uzi mmoja na uuvishe mpira mwembamba, kisha menya nyuzi za ndani milimita 5 na uzipake lehemu kwanza. Usikawie na moto. Plastiki ya ndani inayeyuka na nyuzi zinagusana mahali usipopaona. Upande wa spika, wavu uende pini 1, uzi mwekundu pini 2, mweupe pini 3. Upande wa RCA, mwekundu uende katikati, mweupe na wavu wote wakutane kwenye ganda la nje. Siri iko hapo: uzi mweupe unaenda kuisoma ethi ya kifaa chenyewe, na mkondo mchafu unapita zaidi kwenye wavu. Namba za pini zimechorwa kwenye plastiki kando ya matundu. Zisome, kwa sababu ukitazama kwa nyuma mpangilio unageuka.

Ukitaka kuisogeza balansi zaidi, tafuta kwenye kitabu cha kifaa ukinzani wa tundu lake la kutoa. Kama ni omu 470, weka rezista ya omu 470 kwenye uzi mweupe ndani ya plagi ya RCA. Nyuzi mbili zinakuwa sawa, na mvumo unashuka tena.

Waya wa dukani wa RCA kwenda XLR kwa kawaida una uzi mmoja tu, na pini 1 na pini 3 zimeungwa ndani ya plagi. Huo ni RCA uliovaa koti la XLR. Multimeta haitakuumbulia, maana hata kwenye waya sahihi pini 1 na 3 zinasoma sifuri kwa kuwa zinakutana upande wa pili. Fungua plagi ya XLR utazame.

Mtego mwingine ni jeki ya milimita 3.5 ya laptopu. Ina mikanda mitatu, inafanana na jeki ya balansi, lakini ni kushoto, kulia na ethi. Ukiichomeka kwenye tundu la balansi la spika moja, spika inapunguza sauti ya kulia kutoka kwenye ya kushoto. Mwimbaji, ambaye huwekwa katikati, anatoweka. Unabaki na vinanda vya pembeni na mwangwi. Hapo igawe kwa waya mbili: ncha iende pini 2 ya kushoto, mkanda wa kati pini 2 ya kulia, na ethi pini 3 za zote mbili pamoja na wavu.

Kwa televisheni na king'amuzi nilitumia waya wa mwanga kutoka televisheni kwenda kwenye kigeuzi kidogo cha dijitali, kisha waya zile zile kwenda spika. Mwanga haupitishi umeme, kwa hiyo dishi halina njia tena. Weka sauti ya televisheni kwenye PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa), vinginevyo vigeuzi vya bei ndogo vinanyamaza au vinakwaruza. Na usikiwashe kigeuzi kwa USB ya televisheni: utakuwa umeirudisha ethi ile ile kwa mlango wa nyuma. Kipe chaja yake.

Kama chombo chako ndicho chenye XLR na amplifaya ina RCA, kuwa mwangalifu na pini 3. Matundu mengi ya kutoa sauti ya kielektroniki yanataka iachwe bila kuungwa. Ukiiunga na pini 1 unaipiga shoti sakiti ya kutoa, inapata moto na sauti inaharibika. Ya transfoma ndiyo yanataka iungwe. Soma kitabu chake kwanza.

Mwisho panga viwango. XLR za studio zinategemea kiasi cha volti 1.23, vifaa vya nyumbani 0.316, tofauti ya karibu desibeli 12. Pandisha sauti ya laptopu karibu na mwisho, shusha kitufe cha nyuma ya spika. Mvumo uliobaki unashuka nacho. Sauti ndogo ya "sss" unayoisikia ukiweka sikio kwenye tuita (spika ndogo ya sauti za juu) ni ya amplifaya, waya hautaiondoa. Na kati ya CD na amplifaya vilivyo kwenye rafu moja na soketi moja, nimeacha RCA za mita 1. Hapo XLR haikuongezi kitu.