Nyota za Dhahabu Mfukoni mwa Aproni

Ijumaa, saa nne usiku

Kucha zangu bado zina bluu. Nimezisugua kwa sabuni, nimezisugua kwa mswaki wa zamani, na bluu haijanijali. Wiki ya pili ya kambi imeisha leo. Mtoto wa mwisho kachukuliwa na mjomba wake akiwa amelala fofofo, shavu moja la kijani, mkononi kashikilia soksi yenye macho mawili ya vifungo ambayo tangu juzi anaiita mke wake. Sijui alilitoa wapi wazo hilo. Sikumuuliza.

Kambi yetu ni ya kutwa. Watoto wanaletwa asubuhi na kurudi kwao alasiri, siku tano kwa wiki, wiki tatu za likizo ya kiangazi. Wako 18, wa miaka 4 hadi 6, na sisi walimu tuko watatu. Asubuhi rangi na karatasi, halafu nyimbo na ngoma, mchana wenye kulala wanalala na wasiolala wanawaamsha waliolala, kisha udongo au vikaragosi. Hiyo ndiyo ratiba ya ubaoni. Ratiba ya kweli hupangwa na mtoto atakayemwaga rangi kwanza.

Nataka kuandika habari za nyota kabla sijazisahau, au kabla sijaanza kujisimulia kwa namna inayonipendeza mwenyewe.

Jumatatu ya kwanza nilikuja na bunda la stika, nyota za dhahabu, zile ndogo za kubandika kwenye madaftari. Nia yangu ilikuwa njema. Watoto watatu walikuwa wameganda mlangoni, mmoja hataki hata kuvua begi mgongoni, nikaona kitu kidogo cha kung'aa kitawavuta. Nikatangaza: kila atakayemaliza mchoro atapata nyota. Nilitangaza kwa furaha zote, mikono juu.

Na kweli wakavutika. Yule wa begi alilivua, akachora, akabandikwa nyota kifuani, akacheka. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiona fundi.

Siku hiyohiyo, kabla nyota hazijawaingia vichwani sawasawa, binti mmoja alikaa na karatasi moja karibu dakika 40. Alichora nyumba, ndani ya nyumba ngazi, chini ya ngazi paka, na ndani ya tumbo la paka akachora samaki. "Ameshakula," akanieleza, maana aliniona sielewi. Ukuta haumzuii kitu mtoto wa miaka mitano, wala ngozi ya paka haimzuii. Anachora anachokijua hata kama jicho halikioni. Mfaransa mmoja, Georges-Henri Luquet, aliliandika jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, na bado kila mwaka linanishtua kama jipya.

Jumatano binti huyohuyo alinijia na karatasi sita. Sita, kwa muda ambao mimi nilikuwa nasuuza brashi. Kila moja ina mduara wenye miale. Akaniuliza bila ujanja wowote, kama mtu anayetaka kuelewa masharti ya kazi: "Mwalimu, nikichora jua tu, napata?"

Nikampa. Nyota sita.

Meza nzima ilikuwa imegeuka kiwanda. Mstari mmoja wa kalamu: "Nimemaliza." Nukta: "Nimemaliza." Kijana mmoja, nitamwita Bwana Hesabu, alileta karatasi, akabandikwa nyota, akaenda nyuma ya kabati, akarudi na karatasi ileile ameigeuza upande wa pili, ana mstari mpya mmoja. Huyo nilimpa kwa kustaajabia akili yake.

Kinachoniuma ni kwamba nilijua. Chuoni nilijibu swali la mtihani juu ya jambo hilihili. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio lao la kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto wa miaka 3 hadi 5 ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa kwamba likichora litapata cheti chenye utepe na muhuri wa dhahabu. Kundi la pili lilichora bila ahadi, mwishoni likashtukizwa na cheti hichohicho. La tatu halikuahidiwa wala halikupewa. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa darasani kama kitu cha kuchezea tu, anayetaka achukue, na watafiti wakatazama kwa kificho. Waliokuwa wameahidiwa cheti walikaa na zile kalamu karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakuharibika kitu.

Muhuri wa dhahabu, jamani. Hata rangi sikubadilisha.

Alhamisi nikasema nyota zimekwisha. Uongo mtupu, zilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. "Nunua nyingine," akasema Bwana Hesabu. Mmoja akalia. Ijumaa nusu ya watoto hawakuisogelea meza ya rangi kabisa. Walijilaza chini yake wakichezea kamba za viatu, na mimi nimekaa hapo juu kama mwenye duka asiye na wateja. Mwenzangu, mama mtu mzima aliyeanza kufundisha watoto kabla mimi sijazaliwa, alipita na ndoo ya maji akasema, "Waache. Chora wewe." Nikachora. Nilichora ile ndoo yake. Hakuna aliyekuja kuitazama, ila angalau mikono ilipata shughuli.

Jumatatu ya wiki hii niligawa karatasi nyeupe na kalamu za nta, zote nyeupe. Sikueleza. Malalamiko yakaanza papo hapo: kalamu mbovu, haiandiki, Mwalimu yangu haina rangi. Nikasema endeleeni tu, kila mtu achore kitu asichotaka mwenzake akione. Hapo wakainama. Ukiwapa watoto siri, shingo zote zinazama mabegani. Kisha nikaleta bluu niliyoizimua kwa maji mengi, na brashi pana. Binti wa paka alikuwa wa kwanza. Alipitisha brashi mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, na mistari yake ikajitokeza myeupe, maji yakajikusanya kandokando yake kwa matone madogo kama jasho juu ya mdomo. Nta na maji havipatani, basi, hakuna uchawi hapo. Lakini yeye aliacha brashi hewani, bluu inamdondokea gotini, akanong'ona: "Imekataa kulowa."

Saa nzima hakuna aliyeulizia nyota. Bluu iliisha, ikazimuliwa nyingine, ikaisha nayo. Wengine walijipaka nta mikononi waone kama ngozi nayo itakataa kulowa. Nami nikajaribu, na kucha hizi ndizo ushahidi kwamba nta haikutosha. (Bwana Hesabu aliulizia nyota Jumanne. Na Jumatano. Na leo.)

Jumatano ilikuwa zamu ya kuchanganya rangi, nyekundu, njano na bluu tu, na kila mtoto aliyepata kijani alitangaza kwamba yeye ndiye aliyeigundua. Safari hiyo huishia palepale siku zote. Wanaongeza, wanaongeza, na sahani zote zinakuwa kahawia, kwa sababu kila rangi inameza sehemu yake ya mwanga na zikikutana zote zinabakisha kidogo sana cha kurudi machoni. Zamani nilikuwa naziondoa zile sahani haraka na kuleta safi. Safari hii niliziacha. Mtoto mmoja aliitazama yake kwa muda mrefu akasema hii ni rangi ya uchovu. Akaitumia kupaka kitanda.

Lingine la wiki hii linanitia aibu kuliko nyota. Kuna mtoto ambaye kwenye daftari langu nilimwandikia, wiki ya kwanza: "Makasi bado. Anakata tamaa tu." Nilijiona mchekeshaji. Karatasi ilikuwa haimkatikii, inajikunja katikati ya makasi na kutafunwa. Nilimshika mkono, nikamwonyesha gumba liwe juu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara nikisema "taratibu" kwa sauti ya mtu ambaye subira inamwishia. Jumanne yule mama wa ndoo alimtupia jicho akasema, "Huyu si mashoto?"

Ni mashoto. Kachora kwa mkono wa kushoto mbele yangu wiki nzima. Makasi ya kawaida yametengenezwa ili mkono wa kulia ukibana, vidole visukume zile bapa mbili zikutane. Wa kushoto ukibana, zinaachana, na bapa ya juu inauficha mstari anaotakiwa kuufuata. Yako makasi ya mashoto, yamepishanishwa kinyume, na tulikuwa nayo kwenye sanduku la vifaa, bado yamo kwenye mfuko wake. Tangu Jumanne amekata karatasi, majani makavu, nywele za uzi za kikaragosi cha mwenzake, na kona ya aproni yangu. Ule mstari wa daftarini nimeufuta mpaka karatasi ikatoboka.

Saa ya kuchukua watoto ni kazi nyingine kabisa. Mzazi anakabidhiwa karatasi bado mbichi, anaigeuzageuza, anauliza, "Hii ni nini?" Hana nia mbaya, lakini tazama uso wa mtoto wakati huo. Leo baba mmoja alipokea mtu wa kichwa na miguu, mnawajua, wale ambao miguu inaanzia kidevuni, hawana shingo wala tumbo. Akaniambia kwa adabu zote, mwalimu, mfundisheni basi aweke na kiwiliwili, samaki mkunje angali mbichi. Nilitaka kumwambia kwamba watoto wengi wadogo humwanza mtu hivyohivyo. Kwamba Rhoda Kellogg, mwalimu wa chekechea wa San Francisco, alikusanya michoro ya watoto inayopita milioni moja na kukuta maumbo yaleyale yanajirudia. Nikaona nitamchosha. Nikachuchumaa nikamuuliza mtoto: huyu mtu kitovu chake kiko wapi? Akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati la baba yake na bila kusita akaweka nukta pale peupe, katikati ya ile miguu miwili.

"Hapa."

Tumbo lilikuwepo muda wote. Baba alicheka, akaishika karatasi kwa mikono miwili mpaka nje. Kuhusu samaki sidhani kama nilimshawishi.

Na ningemshawishi kwa uso gani? Mwaka jana, usiku wa kuamkia maonyesho, nilibaki peke yangu ukumbini na kalamu nyeusi, napita picha moja baada ya nyingine. Hapa jicho limesahaulika, naongeza. Hapa mguu unaelea, naushusha chini. Nilikuwa nawawaza wazazi. Asubuhi mtoto wa miaka minne akasimama mbele ya ukuta, akatafuta, akaipita picha yake, akarudi, akamwambia mama yake, "Si yangu." Mama akamwonyesha jina pembeni. "Jina langu," mtoto akasema. "Picha si yangu." Mama alidhani anadeka. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yao, kalamu ileile mfukoni, na sikufungua mdomo.

Ijumaa ijayo ni maonyesho tena. Picha nitazitundika usawa wa macho ya watoto, wakubwa watainama. Ofisi ya kambi imeshachapisha vyeti 18 na, nisicheke, vina pambo la dhahabu pembeni. Sikupinga. Nimeomba kitu kimoja tu, watoto wasisikie habari zake mpaka siku yenyewe, dakika yenyewe. Nimevifungia kwenye droo ya meza yangu.

Bwana Hesabu alinikuta nageuza ufunguo.

"Mwalimu, umeficha nini?"

"Karatasi."

"Za kuchorea?"

"Hapana. Zimeshaandikwa."

Akaniangalia, akaiangalia droo.

"Zimeandikwa mbele na nyuma?"

"Mbele tu."

"Basi nyuma panachoreka," akasema, akaenda kutafuta viatu vyake.