Shingo ni Moja

Swali la kwanza huwa ni lile lile, liulizwe na mpiga mieleka mwenzangu au na mpiga besi niliyekutana naye leo: "Muda unaupata wapi?"

Muda wa mieleka na bendi upo, jamani. Mieleka kwangu ni kazi ya mwisho wa wiki, na humo tunakaa garini kuliko ulingoni. Unaweza kusafiri kwa saa 6 kwenda kupigana dakika 12. Garini ndimo nilimoandika karibu nyimbo zangu zote, nikiimbia simu kwa sauti ya puani huku dereva akiniambia ninyamaze au niteremke. Kwa hiyo mambo ya ratiba tuyaache. Kazi zangu hizi mbili hazigombei muda, zinagombea shingo.

Niko ulingoni mwaka wa 19 sasa, na bendi ina miaka 11. Naimba na kupiga gitaa la kujazia. Sina mkanda wa ubingwa ambao ungeujua wala wimbo uliowahi kuvuma redioni. Nasema mapema ili ujue unasoma maneno ya nani.

Kitu cha kwanza unachofundishwa kwenye mieleka ni kuanguka. Hujapiga mtu, hujakimbilia kamba, unaangushwa tu chali, siku nzima, kesho tena. Kidevu unakibana kifuani ili kisogo kisiguse chini. Mikono unaitandaza, viganja vipige turubai sambamba na mgongo. Pumzi unaitoa kabla hujatua, maana ukitua nayo itatolewa kwa lazima. Na ulingo si godoro kama watu wanavyodhani: ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, juu yake sponji nyembamba, halafu turubai. Ule mshindo unaousikia ukiwa nyumbani ni mbao zinalia. Baada ya miaka kadhaa mwili unashika somo lake na hauliachi. Mlango ukijibamiza kwa upepo, mimi kidevu kiko kifuani kabla sijajua kumetokea nini.

Haya, sasa nenda kaimbe.

Mwalimu wangu wa sauti, mama mmoja mpole mwenye mkono mzito, alinisikiliza mara ya kwanza akasema nina sauti nzuri iliyofungiwa stoo. Akanitaka nilegeze shingo, niachie taya, niache koo wazi. Kila alichosema kilikuwa kinyume cha kile kilichoniweka hai ulingoni. Nikaimba tena. Kila nilipoikaribia noti ya juu kwenye kiitikio, kidevu kilishuka chenyewe. Mwili uliiona ile noti inakuja ukahesabu kwamba tunaanguka. Yule mama akaweka kiganja kwenye kisogo changu, akakiacha hapo, akasubiri.

"Baba, nani anakuja kukupiga humu ndani?"

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuimba kiitikio kimoja bila kujikunja. Hata sasa, nikiwa nimepigana jana yake, prodyuza wetu anasikia. Haoni, anasikia tu kwenye spika, kisha anabonyeza kitufe kile cha kuongea na mimi na kusema neno moja: "Kidevu."

Kuna na koo lenyewe. Ukitaka kumnyanyua mtu wa kilo 110 juu ya bega unabana pumzi, na kinachofunga mlango wa pumzi pale kooni ni nyuzi zile zile za sauti unazotegemea kuimbia. Zibamize hivyo mara nane usiku mmoja, halafu uongeze kelele. Mimi ulingoni ni adui, si steringi, na kazi ya adui kwenye kumbi ndogo ni kutukana ukumbi mzima bila maiki mpaka bibi wa mstari wa mbele atamani kukuchapa. Asubuhi yake nina sauti ya debe. Ndiyo maana sirekodi sauti Jumapili wala Jumatatu, hata kama studio ni ya bure. Jumatano ndiyo siku yangu. Kwa gitaa nako kuna hesabu zake: kidole kimoja kikiteguka, kubana nyuzi zote sita inakuwa ndoto, na mbavu za upande unaopokea kamba zikivilia damu hutaki ubao wowote uziegemee. Nina nyimbo tatu ambazo zimepangwa vile zilivyo kwa sababu wiki ile kidole changu cha pete kilikuwa kimefungwa plasta. Msikilizaji mmoja aliwahi kuusifia mpangilio wa mojawapo. Nikamshukuru, nikanyamaza.

Nisiwachekeshe tu. Miaka minne iliyopita nilitua vibaya, kisogo kikafika kabla ya mgongo. Nikamaliza pambano, kwa ujinga, na nusu yake ya mwisho nimeijua kwa kuitazama kwenye video. Mtikisiko wa ubongo. Daktari akanikataza ulingo, hilo nililitarajia. Sikutarajia kwamba ningepoteza na muziki. Wiki ya tatu nilijiona nimepona nikaenda mazoezini. Mpiga dramu alipogusa matoazi, kidogo tu, kwa ncha ya fimbo, niliona mwanga mweupe na nikakaa chini sakafuni. Sauti ile ilikuwa kama msumari. Akaziacha fimbo, akaja kukaa pembeni yangu, hatukuongea. Ilipita miezi miwili kabla sijaweza kukaa chumba kimoja na dramu. Mpaka siku ile nilikuwa nikijiambia kwamba muziki ni akiba yangu, kwamba mwili ukichoka nitahamia huko. Kumbe akiba yenyewe naiweka benki ile ile.

Katika miezi hiyo miwili nilikuwa nalala gizani na kumfikiria sana Chris Jericho, mpiga mieleka mwenye bendi kama mimi. Naomba mnivumilie hapa, huyu mtu nina maneno naye.

Jericho alianza kupigana Oktoba 1990, Kanada, akiwa na miaka 19. Mwaka 1999, mwaka ule ule aliojiunga na WWF, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani ambayo baadaye iliitwa WWE, akaanza kuimba kwenye bendi na mpiga gitaa Rich Ward, ile iliyokuja kuitwa Fozzy. Mwanzo ilikuwa mzaha: walirudia nyimbo za watu, Jericho akajiita Moongoose McQueen, na wakajitungia hadithi kwamba walikwama Japani miaka 20, wakarudi wakakuta masupastaa wameiba nyimbo zao. Ni hadithi ya kimieleka kabisa. Albamu mbili za kwanza zilienda hivyo, na kwa maoni yangu mzaha ulizidi kwa albamu moja. Huku kwenye ulingo mambo yalikuwa makubwa: Desemba 9, 2001 aliwapiga The Rock na Steve Austin usiku mmoja na kuunganisha mikanda miwili ya ubingwa.

Mwaka 2005 akalitupa lile jina la mzaha na bendi ikatoa albamu ya nyimbo zake yenyewe. Mwaka huo huo akaondoka WWE, akakaa nje zaidi ya miaka miwili. Na wimbo uliowafikisha mbali zaidi, "Judas", ulitoka 2017, kwenye albamu yao ya saba. Jericho alikuwa na miaka 46. Piga hesabu, ni miaka 18 tangu bendi ianze. Miezi michache baadaye, Januari 4, 2018, alikuwa Tokyo Dome akipigana na Kenny Omega.

Wengi huisoma habari hii kama ya bidii. Mimi ninachokiona ni lile jina la mzaha. Nalijua vizuri, nilikuwa nalo. Miaka mitatu ya kwanza ya bendi yetu nilipanda jukwaani na vazi langu la adui, nikatukana watu kati ya wimbo na wimbo, watu wakazomea kwa furaha na kununua fulana. Nilidhani naunganisha kazi mbili kwa akili. Ukweli ni kwamba niliogopa. Wimbo ukiwa mbaya, aliyeimba ni yule adui. Ukiwa mzuri, ni mimi. Mpiga dramu ndiye aliyelisema, tukifungasha vyombo: "Kaka, wanakuzomea vizuri, lakini hakuna anayesikia mashairi. Na mashairi unayaandika wewe, siyo yule." Onyesho lililofuata nilipanda na fulana ya kawaida. Watu walizomea kidogo kwa mazoea, halafu wakanyamaza, na huo ukimya nusura unikimbize. Ulingoni ukimya maana yake umeshindwa kazi. Ilibidi nijifunze kwamba kwenye muziki unaweza kuwa na maana nyingine.

Kuna wapiga mieleka waliochagua njia tofauti na sina ugomvi nao. John Cena alitoa albamu moja mwaka 2005 pamoja na binamu yake, akabaki na wimbo wa kuingilia, ule unaopigwa mtu akitoka kwenda ulingoni, uliomtosha miaka yote iliyofuata. R-Truth amekuwa akiingia huku anachana mistari yake mwenyewe, maiki mkononi, mpaka anafika ulingoni, na anayejua kuhesabu pumzi anajua hilo si jambo dogo kwa mtu anayekwenda kupigana. Mickie James alitoa albamu ya kantri mwaka 2010, kisha akawa anaingia ulingoni na wimbo alioimba mwenyewe.

Wimbo wa kuingilia nao una sheria zake, na hizi huwa nawaeleza wanamuziki wakanishangaa. Wimbo wa kawaida unaweza kuanza polepole, ukatongoza. Wa kuingilia una sekunde mbili. Kioo cha Steve Austin kinavunjika, kengele ya Undertaker inalia, ukumbi umeshajua nani anakuja kabla ya noti ya kwanza. Baada ya hapo unatakiwa uvumilie mtu anayetembea, kwa sababu hujui atafika lini: akizozana na shabiki njiani, wimbo usije ukaisha yeye hajafika. Wa kwetu niliuandika kwa kupima hatua. Nilitembea ukumbini bila watu, nikahesabu: hatua 31 mpaka ngazi. Kiitikio kinaingia nikiwa hatua ya 20, ili nikishika kamba kiwe kinamalizika. Na una faida nyingine isiyo ya kisanaa: ni mali yetu. Promota anayeweka video zake mtandaoni hatafutwi na mtu kwa haki za muziki, na mimi nikihamia kwa promota mwingine wimbo nahama nao.

Mpiga dramu haupendi ulingo. Anasema unaniharibu. Ulingoni hatuhesabu moja, mbili, tatu, nne. Tunasikiliza watu. Wakipoa unaharakisha, wakilipuka unasimama uwaache wapige kelele. Jukwaani anapiga akiwa na mdundo wa mashine masikioni, na mimi nikisikia watu wameamka narefusha ubeti au nanyamaza ghafla niwaachie, yeye mashine yake inaendelea. Tumegombana kwa hili kuliko kwa pesa.

Nirudi kwa Jericho kidogo, halafu nimwache. Alipoingia AEW, kampuni mpya ya mieleka, mwaka 2019 na kuwa bingwa wao wa kwanza, alikuwa adui, na alikuwa anaingia na "Judas". Watu wakaanza kuuimba. Muziki ukikatwa, wanaendelea peke yao. Agosti 2021, sharti la pambano lake na mpiga mieleka MJF likawa kwamba asiingie na huo wimbo. Akatoka kimya kimya, na ukumbi ukamwimbia wenyewe, bila ala. Niliitazama video ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu.

Sasa, Jumamosi iliyopita. Ukumbi wa watu kama 200. Wimbo wetu unaanza, natoka nimenuna, natukana upande wa kushoto kama kawaida, na kwenye hatua ya 12 hivi kompyuta ya kijana wa muziki inaganda. Kimya. Namwona kijana anabonyeza kila kitu. Kwenye mieleka kimya hiki lazima ukijaze haraka, na nilishafungua mdomo nitukane mtu, pale mtoto mmoja upande wa kulia alipoanza kiitikio. Alikosea noti na alikwenda mbio mno. Wakamfuata watatu, kisha safu nzima, kisha watu ambao nimekuwa nikiwatukana kwa miaka 19. Beti la pili walilikosa nusu ya maneno wakaweka ya kwao. Mpiga dramu, ambaye huja kutazama mara moja kwa mwaka, alikuwa kwenye uzio wa chuma anagonga mdundo kwa viganja, akijaribu kuwapunguza mwendo, na hawakumsikiliza hata kidogo.

Na mimi ni adui. Adui hafurahi. Niliwaambia wanyamaze, wakapandisha sauti. Niliziba masikio, wakapandisha tena. Zilikuwa zimebaki hatua kama kumi na kicheko kimeshanifika mdomoni, mwamuzi ananitazama kwa wasiwasi. Nikafanya kitu pekee ambacho mwili wangu unakijua bila kufikiri: nikakibana kidevu kifuani, nikakiacha hapo hapo, nikatembea hivyo mpaka kwenye ngazi ili wasinione.